RAM inarudi 2133 kila asubuhi: bodi inasahau au inakataa?

Umenunua pea ya RAM iliyoandikwa 3200. Umeingia BIOS (menyu ya bodi kabla ya Windows kuwaka), umewasha XMP (mpangilio wa kuipandisha RAM hadi kasi ya lebo), umebonyeza F10 kuhifadhi, mashine imewaka vizuri na Task Manager inasoma 3200. Umecheza hadi usiku, ukazima, ukalala. Kesho yake unawasha, gemu linakwamakwama, unafungua Task Manager: 2133. Unarudi BIOS, XMP imezimika kana kwamba hukuwahi kuigusa.

Mashine yangu, prosesa Ryzen 5 3600 kwenye bodi kuu (motherboard) ya B450, ilinichezea mchezo huu karibu miezi miwili. Fundi niliyempelekea alizichomoa RAM, akazipuliza, akazigeuza kwenye mwanga, akasema, "Kaka, hizi zimechoka. Chukua hizi nyingine nikufungie." Nikachukua. Siku tatu baadaye nilikuwa palepale, 2133, ila sasa mfuko mwepesi. Mkosaji alikuwa betri ya saa, kile kidude cha duara cha bei ya soda, kilichojificha chini ya kadi ya picha.

Tangu hapo, mtu akiniambia XMP haishiki, simuulizi RAM yake ni ya kampuni gani. Namuuliza imeacha kushika saa ngapi: palepale alipobonyeza F10, au baada ya mashine kulala usiku? Neno "haishiki" limebeba magonjwa mawili. Kuna bodi inayosahau: mipangilio iliingia, ikafanya kazi, ikafutika umeme ulipoondoka. Na kuna bodi inayokataa: mipangilio iliingia, bodi ikajaribu kuwaka nayo, ikashindwa, ikajirudisha kwenye kasi ya salama. Ukiiongezea volti bodi inayosahau, itazisahau na volti zenyewe. Ukiibadilishia betri bodi inayokataa, utapata saa sahihi na RAM ya 2133.

Kwa hiyo usiguse volti wala kununua kitu mpaka ujue uko upande gani.

Kwanza hakikisha kweli imerudi

Kuna watu wanahangaika na tatizo ambalo halipo. CPU-Z, programu ya kuonyesha taarifa za mashine, kwenye ukurasa wa Memory huonyesha kasi ya saa yenyewe, na RAM za DDR hupitisha data mara 2 kwa kila mpigo wa saa. Ukiona 1600 pale, RAM yako inakimbia 3200. Ukiona 1800, ni 3600. Task Manager huonyesha namba kamili, ingawa kwenye Windows za zamani kidogo huiandikia MHz. Kama hutaki kupakua chochote, fungua PowerShell uandike:

Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory | Select-Object Speed, ConfiguredClockSpeed

Namba ya kuamini ni ya safu ya pili, ndiyo kasi ambayo RAM inakimbia nayo muda huo.

Na kwa nini RAM ya 3200 iwake na 2133? Ile 3200 ya kwenye lebo si kasi yake ya kuzaliwa. DDR4 nyingi za gemu huwaka kwa kasi ya kawaida ya 2133, 2400 au 2666 kwa volti 1.2, DDR5 mara nyingi huanza 4800 kwa volti 1.1. Kasi ya lebo ni ovakloki, yaani kasi iliyopandishwa juu ya ile ya kawaida, ambayo mtengenezaji ameijaribu na kuiandika ndani ya chipu ndogo iliyo kwenye RAM. Hiyo ndiyo profaili ya XMP, ambayo Intel iliileta mwaka 2007. AMD ilitoa yake, EXPO, mwaka 2022 pamoja na Ryzen 7000. Kwenye bodi za AMD za zamani kidogo utaikuta kwa majina mengine: ASUS waliiita DOCP, MSI wakaiita A-XMP. Kitu ni kilekile. Bila kuiwasha, umelipia 3200 na unatumia 2133.

Je, bodi yako inaruhusu?

Hili halichukui muda, lakini ukiliruka unaweza kupoteza wikiendi nzima. Upande wa Intel, chipseti nyingi za bei nafuu (chipu ya bodi ambayo jina lake ndilo huipa bodi jina, kama H410) zimefungwa. Ukiwa na H410 au B460 na i5-10400, mwisho wako ni 2666, hata ukichomeka RAM ya 4000. Ukiweka i7 ya kizazi hicho unapata 2933. H510 na H610 nazo hazikubali ovakloki ya RAM. Pea ya 3600 ukiiweka kwenye H610 ya DDR4 itasimama 3200, na hiyo ni kawaida yake, si ugonjwa. Mlango ulifunguliwa kwa B560 na H570 mwaka 2021, na B660 ikaendelea hivyo. Upande wa AMD mambo ni mepesi: hata A520, ambayo hairuhusu kuovakloki prosesa, inaruhusu RAM.

Halafu kuna zile mashine za ofisi zinazokuja kwa makontena, OptiPlex, EliteDesk na ThinkCentre, ambazo wengi wetu tumeanzia gemu juu yake kwa kuchomeka kadi ndogo ya picha. BIOS zake kwa kawaida hazina menyu ya XMP. Usiitafute. Kwenye mashine hizo nunua RAM ambayo kasi yake ya kuzaliwa ndiyo hiyo unayoitaka, na pesa ya RAM ya taa za rangi iongezee kwenye SSD.

Hakikisha pia RAM yenyewe ina profaili. Kwenye CPU-Z fungua ukurasa wa SPD, chagua sloti, utazame safu za mwisho upande wa kulia. Kama hakuna safu iliyoandikwa XMP au EXPO, hakuna cha kuwasha. RAM za mtumba zilizobandikwa lebo mpya zinajulikana hapo: juu 3200, ndani 2400 bila profaili. Pale dukani, kabla hujalipa, omba wazichomeke kwenye mashine uone ukurasa huo.

Kipimo cha shahidi

Huu ndio moyo wa kazi. Tunataka bodi iseme yenyewe kama imesahau au imekataa, na tutaweka shahidi: mpangilio mmoja mdogo usiohusiana na RAM. Mimi hupenda kuzima nembo kubwa ya kampuni ya bodi inayotokea mashine inapowaka. Ukiwasha na nembo imerudi, ujue mipangilio yote imefutwa. Shahidi wa pili ni tarehe na saa.

1. Ingia BIOS kwa Del au F2. Washa XMP, zima nembo, weka tarehe na saa sahihi. Bonyeza F10 na usome orodha ya mabadiliko inayojitokeza kabla ya kukubali. Kama RAM haimo kwenye orodha hiyo, hukuichagua vizuri. Bodi nyingine zinataka uchague profaili namba 1 baada ya kuwasha XMP.

2. Mashine ikiwaka, angalia kasi. Kama imerudi hapohapo, au umeona ujumbe kwamba ovakloki imeshindwa ubonyeze F1, bodi inakataa. Ruka hadi sehemu ya kukataa.

3. Kama imeshika, zima mashine kwa kawaida lakini acha swichi ya ukutani imewaka. Subiri dakika 10, washa tena, angalia.

4. Kama bado imeshika, zima mashine, zima na swichi ya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia mara 1 ili umeme uliobaki kwenye pawasaplai uishe. Iache usiku kucha.

5. Asubuhi, washa na uingie moja kwa moja BIOS. Usipitie Windows kwanza. Windows ikipata intaneti hurekebisha saa kimyakimya, na hapo umempoteza shahidi wako.

Hatua ya 4 na 5 ndizo zilizonifumbua macho. Soketi zetu hizi za pini 3 za Kiingereza zina swichi, na kwa hofu ya umeme kurudi kwa kishindo wengi tunaizima kila usiku. Swichi ikiwa imewaka, pawasaplai huendelea kuipa bodi umeme kidogo hata mashine ikiwa imezimwa, na betri ya saa haitumiki. Ukiizima, mzigo wote unaiangukia betri. Ndiyo maana RAM zangu mpya zilikuwa nzima dukani kwa fundi, zikawa mbovu nyumbani kwangu: yeye hakuwahi kuzima ukutani.

Sasa soma majibu. Tarehe imerudi nyuma miaka na nembo imerudi: bodi inasahau. Tarehe iko sawa lakini RAM imeshuka: bodi inakataa, ila inakataa ikiwa baridi tu. Huyu wa pili ni mjanja, maana hufanana sana na wa kwanza. Ukiirestati mashine ikiwa ya moto inashika siku nzima, ikilala usiku inashindwa. Bila tarehe kama shahidi, utawachanganya.

Ikiwa bodi inasahau

Zima mashine, chomoa waya, toa kadi ya picha kama imefunika. Betri ni CR2032. Kabla ya kuitupa, ipime kwa multimita: mpya husoma kati ya volti 3.0 na 3.3. Yangu ilisoma 2.41. Chini ya 2.8 hivi mimi naibadilisha bila mjadala. Hiyo mpya nayo ipime palepale dukani, kwa sababu kuna zilizokaa kwenye kabati la kioo juani mpaka zimechoka zikiwa kwenye pakiti yake. Upande wenye alama ya kujumlisha na maandishi ukae juu.

Baada ya kubadilisha, ingia BIOS, weka tarehe, weka XMP, weka shahidi, rudia hatua ya 4 na 5.

Betri mpya na bado inasahau? Tazama vitu viwili. Cha kwanza ni ile jampa (kifuniko kidogo cha kuunganisha pini) ya kufuta mipangilio, iliyoandikwa CLRTC, CLR_CMOS au JBAT1 kwenye bodi. Kuna mafundi wanaoihamisha ili kufuta BIOS kisha wanasahau kuirudisha mahali pake. Cha pili ni vidole vya chuma vinavyoshika betri. Huku pwani, chumvi ya hewani huviotesha kutu ya kijani. Visugue kwa pamba yenye spiriti, na kile cha pembeni ukiinue kidogo kwa ncha ya bisibisi, taratibu, kiibane betri. Bodi isiyopona hapo ina hitilafu kwenye njia ya umeme wa saa, na dawa ya mtu maskini ni kuacha swichi ya ukutani imewaka na kuweka kizuia mshtuko cha kuaminika.

Usisahau pia kwamba ukisasisha BIOS, mipangilio yote hufutika. Hiyo si kusahau.

Ikiwa bodi inakataa

Hapa inafaa kujua kinachotokea ndani. Kila mashine inapowaka, kabla ya picha kutokea, prosesa na RAM hufanya kama kikao cha mapatano. Hutumiana ishara za majaribio, hupima ishara inafika imechelewa kiasi gani kwenye kila njia, hurekebisha, hujaribu tena. Kasi ikiwa kubwa, nafasi ya kukosea ni ndogo. Mapatano yakishindikana, bodi hurudia mara kadhaa, utaona feni zinawaka na kuzima, zinawaka na kuzima, halafu hukata tamaa na kuwaka kwa kasi ya salama. Bodi nyingine hukuambia. Nyingine hazisemi kitu.

Na kwenye DDR5 kikao hiki ni kirefu. Mara ya kwanza baada ya kuwasha EXPO kwenye Ryzen 7000 au 9000, skrini inaweza kukaa nyeusi kwa dakika kadhaa. Mtu anaona giza, anaingiwa na hofu, anabonyeza kitufe mpaka mashine inazima. Bodi inahesabu kwamba imeshindwa kuwaka, inafuta EXPO, na yeye anaandika kwamba EXPO haishiki. Ipe dakika 15. Kachemshe chai. Umeme ukikatika katikati ya kikao matokeo ni hayohayo, kwa hiyo kama mtaa wenu umeme unachezacheza, siku ya kuweka EXPO tumia UPS.

Ukishasubiri na bado inakataa, fuata mpangilio huu, kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha vitu vitatu pamoja hatajua kilichomponya.

*Sloti.* RAM mbili zikae sloti ya 2 na ya 4 ukihesabu kutoka kwenye prosesa, A2 na B2. Bodi nyingi zimechorwa kwa sloti hizo; ukiweka ya 1 na ya 3, kipande cha njia kinachobaki kikining'inia mbele hurudisha mwangwi wa ishara na kasi kubwa haipiti. Nimeona mashine mbili zikipona kwa kuhamisha RAM tu.

*Usafi na mkandamizo.* Chomoa, futa meno ya dhahabu kwa ufutio safi wa penseli kisha pamba na spiriti ya isopropili, acha ikauke, rudisha mpaka usikie mlio wa klipu. Kama umefungua prosesa hivi karibuni, angalia pini zilizopinda. Kwenye soketi za Intel, feni iliyokazwa upande mmoja kuliko mwingine inaweza kuifanya RAM ya upande mmoja isisomeke vizuri. Legeza skrubu zote, kaza kwa msalaba.

*Pea au mchanganyiko.* RAM mbili zenye lebo sawa zilizonunuliwa siku tofauti si pea. Mtengenezaji hubadilisha chipu za ndani bila kubadilisha lebo. Na RAM 4 ni mzigo mzito kuliko 2: kwenye Ryzen 7000, AMD yenyewe inaahidi 5200 kwa RAM 2 na 3600 tu kwa RAM 4. Aliyeongeza pea ya pili ya 6000 na sasa haishiki hana RAM mbovu. Jaribu kila moja peke yake kwenye sloti A2 ukiwa na XMP. Zote zikishika zikiwa moja moja na kukataa zikiwa pamoja, tatizo ni mzigo, shusha kasi. Moja ikikataa peke yake, umempata mgonjwa, irudishe dukani kama waranti bado ipo.

*Sasisha BIOS.* Ukiwa kwenye AMD hili ni la mapema, si la mwisho. Ryzen za kwanza za 2017 zilijulikana kwa ubishi wa RAM, na masasisho yaliyofuata yalilegeza mengi. Pakua faili la bodi yako hasa, pamoja na namba ya toleo iliyochapishwa juu ya bodi, weka kwenye flashi ya FAT32, na fanya kazi hiyo ukiwa na UPS. Umeme ukikatika hapo, hutakuwa tena na tatizo la RAM.

*Kagua volti.* Washa XMP kisha tazama volti ya RAM iliyowekwa. DDR4 ya 3200 au 3600 mara nyingi inataka 1.35. Kuna bodi zinazopandisha kasi na kuacha volti kwenye 1.2, na hapo mapatano hayawezekani. Andika 1.35 mwenyewe. Ikikataa, 1.37, kisha 1.40, na mimi huishia hapo kwa DDR4 isiyo na joto la ziada. Kwa DDR5 fuata volti ya lebo, kwa kawaida 1.25 hadi 1.40 kutegemea pea.

Kuna na volti ya upande wa prosesa, kwa kuwa nayo imo kikaoni. Kwenye Ryzen za AM4 (soketi ya zamani) inaitwa SoC; 1.10 inatosha wengi. Kwenye AM5 (soketi ya Ryzen 7000 na 9000) usivuke 1.30. Mwaka 2023 kulitokea Ryzen 7000X3D zilizoungua kwa volti hiyo kupanda mno, na AMD ikatoa BIOS zenye kikomo cha 1.3. Ukiwa na BIOS ya kabla ya hapo, sasisha leo, hata kama RAM yako haina tatizo. Kwenye Intel za kizazi cha 12 zisizo na K mwishoni mwa jina, volti inayofanana na hiyo imefungwa, ndiyo maana i5-12400 inaweza kukataa kasi ambayo 12600K inaimeza bila shida.

*Shuka ngazi, kisha panda.* Hii ndiyo iliyonifanyia kazi kwa pea ya rafiki yangu, 3600 yenye taimingi (namba za ucheleweshaji wa RAM) 18-22-22-42, iliyokuwa ikikataa kila ikiwa baridi. Tuliwasha XMP ili tupate taimingi na volti 1.35, kisha tukabadilisha kasi pekee kuwa 3200. Ikashika usiku kucha na swichi imezimwa. Jioni ya pili 3333, ikashika. Jioni ya tatu 3466, asubuhi ikawaka mara 3 na kurudi 2133. Tukapandisha volti ya RAM hadi 1.38, 3466 ikashika. Jaribio la 3600 likakataa kwa volti yoyote tuliyothubutu kuiweka. Tukabaki 3466. Tofauti ya hapo na 3600 hata macho ya mchezaji mkali hayaioni.

Kabla ya kukubali kushuka unaweza pia kulegeza mambo mawili: weka Command Rate 2T badala ya 1T, na kwenye Ryzen acha Gear Down Mode imewashwa. Kwenye Intel za kizazi cha 11 kwenda juu, Gear 2 (kidhibiti cha RAM kukimbia kwa nusu ya kasi ya RAM) hurahisisha mapatano ya kasi kubwa lakini huongeza ucheleweshaji. Kwa DDR4 ningechagua kasi ndogo na Gear 1.

*Kwa AM5 peke yake.* Kuna mpangilio ulioandikwa Memory Context Restore. Ukiwashwa, bodi hukumbuka mapatano ya jana ili isikae kikao upya, na mashine huwaka haraka. Mapatano ya jana yakiwa yalifanyika chumba kikiwa baridi na leo ni joto la mchana wa Dar, unaweza kuona skrini ya buluu kwenye kasi ambayo jana ilikuwa salama. Izime kwa muda uone kama utulivu unarudi.

Mkono wa tatu

Mara chache si bodi inayosahau wala kukataa, ni programu ndani ya Windows. Ryzen Master, Intel XTU (programu za AMD na Intel za ovakloki) na programu za kampuni za bodi zinaweza kuweka mipangilio yake juu ya ile ya BIOS. Kama uliwahi kuzijaribu, ziondoe zote, restati, weka XMP upya. Na kama kuna watu wengine wanaotumia mashine hiyo, waulize kama kuna anayezima kwa kubana kitufe wakati mashine inawaka. Bodi kadhaa huhesabu kitendo hicho kama kuwaka kulikoshindwa. Mdogo wangu alikuwa na tabia hiyo kila akiona skrini imechelewa.

Imeshika, sasa ithibitishe

Kushika si kutulia. Mapatano yanaweza kupita na RAM ikaendelea kukosea herufi moja kwa saa, na hilo huonekana kama gemu linalojifunga au faili lililoharibika. Weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washa mashine kwa hiyo, iache ipige mizunguko 4. Kwa GB 16 ni kazi ya saa kadhaa, iache usiku. Kosa hata 1 ni kosa: shuka ngazi moja. Kisha cheza gemu zito saa ya joto kali, maana kuna chipu zinazoanza kukosea zikipita nyuzi 50 hivi, na kesi isiyo na feni ya mbele hufika huko bila taabu Machi ikifika.

Kama faida yenyewe bado inakutia shaka, jiulize mashine yako ni ya aina gani. Aliye na 5600G bila kadi ya picha ataiona mara moja, kwa kuwa picha zake zinachorwa kwa kutumia RAM hiyohiyo. Aliye na kadi ya picha dhaifu na prosesa nzuri ataiona kidogo sana, na ningemshauri asipoteze jioni tatu kwa ajili ya 3600 wakati 3200 imeshika.

Mwisho, rudi BIOS uhifadhi profaili yako kwenye nafasi za ndani, na nakala kwenye flashi kama bodi inaruhusu. Siku ukifuta mipangilio utairudisha kwa mibonyezo miwili. Mimi nina kipande cha selotepu ya karatasi ndani ya mfuniko wa kesi. Kimeandikwa kwa kalamu: 3200, 16-18-18-38, 1.35, SoC 1.10, na chini yake tarehe niliyobadilisha betri.